Kipande Kilichogoma Kutoka

2 Mei

Mwanangu kitinda mimba,

Marahaba kwa shikamoo zako zote, hata zile unazosahau kuandika. Tangu kiharusi, mguu umesharudi kazini. Mkono wa kushoto bado unasinzia, na ulimi ni mzito, ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu unaitikia "eeh Mama" bila kuelewa neno.

Umeniomba nifunge karakana ya magitaa nihamie kwako. Nimekusikia. Lakini gitaa ninalomtengenezea kinyozi wa mtaani liko mezani, limebaki kubandikwa daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi. Ili gundi ikamate, ndani lazima kiwepo kipande cha kukandamizia, kilichochongwa kufuata mbavu, zile fito zilizobandikwa chini ya ubao. Kila gitaa na kipande chake. Nimejaribu kuchonga mara kadhaa. Mkono wa kushika hautulii, patasi inapita njia yake. Vyote nimevitia motoni kuchemshia maji ya kuoga.

Basi tukubaliane. Gitaa hili likitoka salama, nabaki na kazi yangu. Likiharibika, nafunga mlango na kuja, na hutasikia neno.

Mama yako

7 Mei

Mama, shikamoo.

Huku hatujambo. Mkweo anakusalimu, na chumba chako tumeshakipaka rangi.

Kwenye mzigo huu kuna punje za plastiki tunazotumia hospitali kutengenezea mabanzi ya kushikilia vidole vilivyovunjika. Zitie kwenye maji ya moto. Zikiacha weupe na kuwa kama kioo, zimelainika. Zifinyange donge moja, lipitishe kwenye tundu la gitaa, ulibonyeze juu ya mbavu. Mkono mmoja unatosha. Likipoa linakuwa gumu na umbo linabaki. Patasi pumzisha.

Mke wangu amenicheka. Anasema namwita mama yangu aje, huku namtumia sababu ya kutokuja. Nimeufunga mzigo hivyo hivyo.

Mwanao

15 Mei

Mwanangu,

Habari za huko? Mimi mzima wa mwili tu.

Donge lilikaa vizuri mpaka nikajisifu. Gundi huwa nailaza hadi asubuhi, basi na plastiki yako nikailaza mle ndani, hata kabla ya kubandika daraja. Kulipokucha lilikuwa limeng'ang'ania mbavu mbili kama kupe. Nimevuta, halitoki. Nikilazimisha, mbavu zitang'oka na ubao utapasuka. Nikimwaga maji ya moto mle ndani, gundi yote itaachia. Kinyozi alipita, nikafunika gitaa na shuka nikamwambia rangi inakauka. Alinitazama sana, akaenda zake.

Nimeanza kukunja nguo. Nakupenda, na kwako ni kwangu. Lakini naogopa, mwanangu, kuamka asubuhi mahali ambapo hakuna kazi inayonisubiri.

Mama yako

18 Mei

Shikamoo Mama, na pole sana.

Usivute tena. Plastiki hii ikipoa husinyaa kidogo, ndiyo maana imekaba. Hutolewa ingali vuguvugu. Sikukwambia kwa sababu kwetu banzi hutolewa kidoleni na kusawazishwa kabla halijakaba. Mgonjwa hupiga kelele mapema.

Weka vijiko vya chuma kwenye maji yanayochemka. Toa kimoja, kifute kikauke, kikandamize kwenye ukingo wa donge. Gusa plastiki, mbavu usiziguse. Kikipoa, chukua kingine. Ukingo ukianza kung'aa kama kioo, uinue kwa kidole. Nenda polepole, Mama.

Nilipokuandikia mara ya kwanza nilitaka uje. Sasa naomba Mungu gitaa lipone. Niandikie upesi, hata mstari mmoja.

Mwanao

28 Mei

Mama, shikamoo.

Sijapata barua, na simu hupokei. Kama limepasuka, njoo. Sitakuuliza lolote, na wala sitakwambia "si nilikuambia". Kitanda kimetandikwa. Nijulishe tu kama u mzima.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu mwenye roho juu,

Marahaba. Nisamehe kimya, nilikuwa kazini.

Limetoka. Nilimaliza vijiko vyangu nikaazima vya jirani. Lilipoachia nilikaa sakafuni nikalia, na jirani akaja mbio akidhani nimeanguka tena. Kuniona mzima akakasirika, kisha naye akakaa chini. Mbavu hazikuguswa hata moja. Pale lilipokuwa linakaba nililipiga msasa, nikalipaka nta, nikalirudisha ndani na kubana daraja. Safari hii lilitoka lenyewe.

Nililala usingizi wa mtoto. Sikujua nilikuwa nimebeba mzigo mkubwa kiasi hicho mpaka nilipoutua.

Jana kinyozi alichukua gitaa lake. Alipiga kidogo, akakaza uzi, akapiga tena, akasahau kuniaga. Leo ameniletea mwenzake wa kinyozini, naye anataka la kwake.

Nguo nilizokunja sizikunjui. Nakuja wiki ijayo, mgeni wenu wa heshima, nile, nilale na nikosoe mapishi yako. Mwambie mkwe wangu asinibembeleze nikae zaidi. Jumatatu nyingine nafungua karakana.

Mama yako