Meno ya Masanja

Usoke,
Jumapili, 13 Julai 1975

Masanja, mdogo wangu,

Leo nitakuambia yote, hata yale ambayo wakubwa huyanyamazia nikipita. Wewe ndiye mwenye haki ya kuyajua kwanza, maana yote yanafanywa kwa jina lako.

Nimerudi likizo. Niliposhuka stesheni hakuna aliyekuja mbio kunipokonya sanduku na kuanguka nalo. Kijiji kipya kimenyooka sasa, nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Mama bado anasonga ugali wa kututosha sote pamoja nawe. Ugali unabaki, naye husema alikosea kupima unga. Hakuna anayembishia.

Bibi hali nasi. Anapelekewa chakula chake jikoni, peke yake. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kukueleza, lakini lazima nianzie kwenye meno yako.

Unakumbuka lilipolegea la kwanza? Ulizunguka nyumba nzima ukilitikisa kwa ulimi. Bibi akacheka, "Jamani, mume wangu amekuwa kibogoyo! Sasa nani atanitafunia nyama?" Nawe ukamjibu, "Tutakunywa mchuzi wote wawili!" Akalirusha juu ya paa kama alivyofanya kwa wajukuu wote, akamwomba panya alete jipya. Likalegea la pili. Kisha yakalegea ya nyuma, magego, ambayo kwa mtoto wa miaka sita hayang'oki. Sisi tulishangilia. Tulisema Masanja anakua upesi. Bibi akarusha, na wewe ukapiga makofi.

Shavu lilipovimba tukasema ni jipu la jino. Mama alikukanda kwa maji ya chumvi. Ndipo ikaja amri ya kuhamia kijijini. Nyumba ya zamani ikabomolewa, nyasi za paa zikachomwa, kila mtu akawa anakata miti na kukandika udongo. Shavu likaambiwa lingoje. Ee Masanja, halikuwa la kungoja. Tulipomaliza kuezeka, jicho lako lilikuwa limeanza kusukumwa nje.

Bibi ndiye aliyekubeba mgongoni mpaka stesheni. Baba alitaka kukupokea, Bibi akakataa. "Baba yangu alibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani," alisema, "mimi nishindwe na mume wangu?" Aliimba wimbo wa wapagazi njia nzima, na wewe, pamoja na maumivu yote, ulikuwa ukiitikia.

Wewe ulilala wodini, hospitali ya Kitete, karibu na shule yangu. Mimi nilikuja kila jioni walipotupa ruhusa shuleni. Siku moja nilimngoja daktari mlangoni nikamwuliza mambo yaliyokuwa yakininyima usingizi. Hakunifukuza. Alisema ugonjwa wako unaitwa limfoma, ni saratani inayoanzia kwenye chembe zile zinazotulinda na maradhi, zile zinazokaa katika tezi zinazovimba mitoki. Nikamwuliza kama ni ugonjwa wa nadra. Akasema ukiwahesabu watoto wote, ni wachache sana wanaoupata. Lakini katika nchi zetu hizi za joto na mbu, mtoto akipata saratani, mara nyingi ni hii, na wavulana huugua zaidi kuliko wasichana. Hupenda taya. Hulegeza meno.

Nikamwuliza nani hupona. Hapo alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Alisema wanaoletwa mapema, uvimbe ukiwa bado mdogo, wengi wao huitikia dawa kwa namna ya ajabu, uvimbe huyeyuka, na wengine hukua wakawa watu wazima. Wanaochelewa, ukishaenea tumboni au kichwani, wengi hawaponi. Uvimbe hukua upesi mno, alisema, wiki kwa wiki. Sikumwuliza wewe ulikuwa wa kundi gani. Tumbo lako nililiona mwenyewe.

Nikamwuliza ugonjwa huo unatoka wapi. Akasema wataalamu wanaona malaria inayomrudia mtoto inauandalia njia, na kuna kirusi pia wanachokishuku. Hauambukizwi kwa kula pamoja. "Wala hakuna mtu aliyemfanyia," alisema bila mimi kuuliza. Nadhani ameshawaona watu wengi wa kwetu.

Ulikuwa usafirishwe Dar es Salaam kwenye dawa hiyo. Hukungoja garimoshi.

Sasa sikia. Juzi Baba mkubwa alikuja na wazee. Unajua yeye ni mtoto wa mke wa kwanza wa Babu, na Bibi yetu hakumzaa. Alisimama uani akauliza, "Meno ya mtoto yako wapi?" Bibi akasema aliyarusha juu ya paa. "Paa lipi?" Lile lililochomwa. Basi Baba mkubwa akawageukia wazee, akasema hakuna mtu aliyeyaona yakiungua, na mwanamke anayetunza meno ya mtoto anajua anayatunzia nini. Kila jino alilolipokea, mtoto alizidi kuumwa. Hivyo ndivyo alivyosema, na wazee wakaguna.

Nilipiga goti nikaomba kusema. Baba aliniruhusu. Nikaeleza kwamba uvimbe ndio uliolegeza meno, kwamba ulikuwamo tayari kabla Bibi hajashika hata moja. Nikaeleza kirusi, malaria, yote. Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu.

"Umesoma, mwanangu. Basi tufundishe. Mlilala mkeka mmoja, mkaumwa na mbu wale wale. Mbona si wewe?"

Nikasema daktari mwenyewe hajui. Ndiyo kweli. Nilimwuliza hilo pia, akasema hajui, na nisingeweza kusema uongo hata kwa ajili ya Bibi. Wazee walicheka kidogo. Mmoja akasema, "Sisi tunajua."

Bibi ataondolewa Alhamisi apelekwe kwa kaka yake, Sikonge. Amefunga nguo zake katika kanga moja. Hali chakula vizuri. Sidhani atafika masika, na watu watasema ni uchawi wake umemrudia.

Mimi ninakuahidi jambo. Nitasoma mpaka niweze kumjibu Baba mkubwa. Kabla ya hapo, nitaangalia vinywa. Jana nilimwangalia mtoto wa jirani, mama yake akanicheka, "We Kabula, unanunua punda?" Lakini alimshika kichwa ili nione vizuri. Ana magego imara.

Lala salama, mdogo wangu. Udongo wa kwetu ni mwepesi, usikulemee.

Bado jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Jana jioni nilimfuata Baba bandani kwenye tumbaku, nikamsihi asimtoe mama yake. Aligeuza majani mawili matatu. Kisha akasema, "Mwenye kujua ni marehemu. Akinijia ndotoni akaniambia si Bibi, nitawafukuza wazee wote na yeye atabaki." Masanja, shuleni tumefundishwa kwamba ndoto ni kazi ya ubongo uliolala, na mimi naamini hivyo. Lakini Baba hakumsikia daktari, wala mimi. Wewe atakusikia.

Je, utamjia kabla ya Alhamisi?

Dada yako,
Kabula