Chokaa Chumbani kwa Melkiori

Kariakoo, 2 Machi 1982

Mwanangu Pius,

Hujambo huko kwenye barafu? Sisi wazima, magoti tu ndiyo yananigombeza. Anayeandika ni Candida wa chumba cha mbele. Sabuni hakuna mjini, nafulia majani ya mpapai, hebu fikiria, mimi!

Sasa usishtuke. Baba yako alianguka, mkono wa kulia ukafa ganzi, kalazwa, kesho anarudi. Hata wodini anafundisha! Awadhi na wanafunzi wenzake wanashuka kutoka chuoni Mlimani wanajaa sakafuni, nesi anawafukuza kama kuku. Namwambia, Melkiori, wewe si umestaafu? Ananijibu, "Dada, hesabu haijastaafu."

Watu watakuja kumpa pole, nikaona aibu. Chumba cheusi kwa mkaa wake, kama jiko la mama ntilie. Karatasi hazipatikani, sawa, lakini ndiyo aandike hesabu ukutani? Jirani yetu Benjamini kanitafutia chokaa Buguruni, tumepaka kuta zote nne, mara mbili. Kunang'aa! Atafurahi.

Shangazi yako,
Severa

Leningrad, 25 Machi 1982

Shangazi, shikamoo. Pole kwa magoti na kwa kuuguza.

Na ukuta wa kitandani, Shangazi? Mmeupaka na ule? Ndiyo kazi yake ya miaka sita, aliniandikia imebaki kidogo tu. Alikuwa anasubiri karatasi ainakili, niwaonyeshe wataalamu wa hapa. Karatasi nimempa Vitalis, ninayesoma naye, anakuja huko Aprili. Niambie Awadhi alinakili. Niambie kuna mtu alinakili.

Mwanao,
Pius

Kariakoo, 9 Mei 1982

Marahaba, mwanangu.

Candida kanisomea barua yako, alipotaka kurudia nikamwambia nyamaza. Hakuna aliyenakili. Awadhi anasema Mwalimu aliwakataza, eti bado haijaiva. Mimi ningejua nini? Wanafunzi wakiondoka namwona anafuta na kitambaa, nikasema ni kama ubao wa shule, leo unafutwa, kesho unaandikwa. Kumbe alikuwa anafuta ukuta wa dirishani tu.

Siku aliyorudi alisimama mlangoni. Watu wa pole wamejaa, Benjamini anangoja sifa. Akatazama, akatazama, akasema, "Pamependeza, Dada. Ahsanteni." Akaomba chai. Sukari hakuna, akainywa hivyo hivyo.

Karatasi zimefika, nzuri, hajazifungua. Wanafunzi walikuja, akashika mkaa kwa mkono wa kushoto, akausogelea ule ukuta. Awadhi akasema, "Mwalimu, anzia popote."

"Mwanzo naujua," akasema. "Nilivyofika kule mwisho ndiyo sijui." Akakaa. Siku hizi wanakuja kumsalimu tu, wanaaga mapema.

Nilimchagulia mkaa mgumu, hauchafui mikono, nikaweka karibu na mto wake. Kila asubuhi nauanika usipate unyevu, maana mvua zimejaza bonde lote la Jangwani. Jana akaniita.

"Dada, mkaa huu pikia."

Nimepikia maharage. Kala kidogo.

Shangazi yako,
Severa