Akili Imetangulia, Moyo Bado Njiani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti linakuruhusu kupanda ngazi bila kuzitukana. Shemeji hajambo? Mwambie kiti chake kimeshapata mguu wa nne, aache sasa kukaa kwa tahadhari. Sisi hapa tupo, kwa namna nitakayokueleza.

Najua unataka habari za mashine ya hospitali kwanza, maana wewe ndiye uliyeapa kwamba sumaku ikisogezwa kichwani itanifuta kumbukumbu kama kanda ya kaseti. Tulia. Haijafuta kitu. Unakaa kwenye kiti kama cha daktari wa meno, wanakuwekea kidude chenye umbo la tarakimu nane juu ya paji la uso, upande wa kushoto, kisha kinagonga: ko-ko-ko, kinanyamaza, ko-ko-ko. Nilimwambia muuguzi kwamba nimekuwa mti na ndege kigogota ameniona. Akanijibu kuwa kigogota hasumbukii mti usio na kitu ndani, kwa hiyo nishukuru. Nikampenda papo hapo.

Unakumbuka nilivyokuwa. Dawa za kwanza hazikunisaidia, za pili nazo vivyo hivyo. Lakini kilichonitisha kuliko huzuni yenyewe ni mbao. Nilikuwa napima ubao mezani, nageuka kuufuata msumeno, na kabla sijaufikia kipimo kimeshatoroka. Narudi, napima, kinatoroka tena. Seremala asiyeweza kubeba kipimo kichwani ni sawa na mpishi asiye na ulimi. Daktari alisema ugonjwa huu hauli moyo tu, hula na akili. Kabla hatujaanza, muuguzi alinisomea tarakimu nizirudishe kinyumenyume. Dada, nilipotea kama mlevi kwenye njia ya kwao.

Matibabu yalipokolea nikaamua kuifanyia mashine mtihani wangu mwenyewe, maana mwenye duka hakuoneshi kasoro ya bidhaa. Nikaficha penseli, nikabeba vipimo vya kabati zima kichwani. Milango ya kabati ikafungana kama kope. Nikabaki nimesimama karakanani, naishangaa akili yangu kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta bomba lililokuwa linavuja limetengenezwa, na fundi hayupo. Tarakimu nazo sasa nazirudisha hadi muuguzi ndiye anachoka.

Nyumbani ndiko kulikochangamka. Wifi yako alikuwa amezoea kunishinda kila ubishi kwa kusema kwamba nilishakubali juzi ila nimesahau. Sasa namkumbusha nilisema nini, yeye alisema nini, na alikuwa amevaa gauni gani. Alimlalamikia jirani kwamba alipeleka hospitali mume mwenye huzuni, amerudishiwa wakili. Jirani akacheka, mtaa ukacheka, habari zikaenda mbio kwamba seremala Futi amepona. Daktari alipomuuliza wifi yako ananionaje, akasema nimepona kabisa, si anaona ninavyobishana! Daktari akanigeukia mimi. Wote wawili walikuwa wanatabasamu. Nikasema ndiyo. Akasema basi tumefaulu, wiki hii tunamaliza. Nawe nasikia umeshawaalika ndugu waje kunishangilia Jumamosi.

Dada, sijapona.

Akili imerudi, moyo bado. Kumbe ni vitu viwili, na kimoja kinaweza kumtangulia mwenzake safarini. Asubuhi bado naamka nimechoka kama mtu aliyelala huku amebeba kabati. Mwanzoni niliona ni jambo la ajabu, nikawa najichunguza kwa hamu, hadi nikakuta kitu kisichochekesha. Zamani huzuni yangu ilikuwa mvivu: inawaza kifo, kisha inasahau ilikuwa inawaza nini. Sasa inakumbuka. Juzi niliikuta inapanga, kwa utaratibu, kama ninavyopanga kazi ya mteja. Nikaogopa. Nashukuru niliogopa.

Leo asubuhi nikamwambia wifi yako. Hakulia wala hakubishana, na hilo peke yake ni habari. Alichukua funguo za karakana akazitia mfukoni mwake, akampigia muuguzi, na muuguzi akasema tuje sasa hivi, tusingoje kesho. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, wifi yako ameniegemea hadi mkono unakufa ganzi, nami simwambii asogee. Daktari ameniuliza kwa nini nilisema ndiyo. Nikamjibu kwamba walikuwa wamefurahi mno, ningewaharibia. Hakukasirika. Amesema hatujamaliza, mashine itaendelea, dawa ataibadilisha, na kwa sasa nisiachwe peke yangu hata kidogo. Ameniambia pia kwamba nimefanya vizuri kusema, na nimeamua kumwamini.

Kwa hiyo waambie ndugu shangwe imeahirishwa. Sababu waambie ya kweli. Nimechoka kuficha, na kujificha. Lakini wewe njoo, goti au hakuna goti. Kaa nami, unisengenyee ukoo mzima, uikosoe kazi yangu usiyoijua. Usiniulize kama nina furaha. Niulize usiku umekwendaje, nami nitakujibu kweli.

Wifi yako anakusalimu, na anasema chumba kiko tayari. Nibusie wapwa wangu.

Mdogo wako,
Futi