Viraka Ulivyoviagiza

Kayole, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa mdogo wangu mpendwa Ondiek, mwana wa Amolo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako Awuor, niliyekubeba mgongoni mpaka ukaweza kufukuza mbuzi. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti lako limepunguza kelele. Mke wako hajambo? Na wale vijana wawili? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mimi presha imeshuka ila sauti haijashuka, bado nasimama mstari wa mbele kwenye kwaya ya akina mama, na mhubiri alisema mbele ya watu kwamba bila mimi ile si kwaya, ni foleni. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ukiona namba yangu kwenye simu unaikata, na barua haikatwi. Nimeiweka ndani ya gunia, katikati ya tanga lako, ili ukilikunjua ianguke miguuni pako.

Mwanangu Caleb naye ni mzima, tena amenenepa, mkewe Koki anampikia vizuri ingawa muthokoi wake, yale mahindi yao ya kukobolewa na maharagwe, mimi hunishinda. Ukifika Kariobangi uliza kibanda chochote cha turubai, utaambiwa kuna Caleb halafu kuna wale wengine. Hema za harusi, vifuniko vya malori, viti vya magari, vyote vinapita kwenye cherehani yake. Kuna tajiri wa malori huacha mafundi wote wa Industrial Area anakuja kumngojea yeye, anakaa kwenye debe na suti yake. Mimi niliishia darasa la sita, unajua, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mtoto wa kulelewa na mtoto huyo alikuwa wewe, lakini Mungu hakuninyima. Alinipa mikono ya Caleb.

Sasa nikuambie habari ya tanga. Siku ulipolituma kwa basi ukasema Caleb aliangalie, kama ni la kutengenezwa au limekwisha, na afanye upesi kwa sababu mashindano ya mashua ya Desemba yanakaribia, mimi nilifurahi nikaacha chai ikafurika ikazima jiko. Nilizunguka ploti nzima. Nilimwambia Muhonja wa mlango wa pili, nikamwambia muuza mayai, nikawaambia hata watu wa steji ya matatu, kwamba mashua ya marehemu baba yetu, ile inayoshinda kila mwaka, imemtafuta mwanangu huku Nairobi. Muhonja akaniuliza, Mama Caleb, hapa Kayole hata maji ya kuoga tunangojea Jumatano, nyinyi mnashonea ziwa gani? Nikamwambia anyamaze, wengine tuna kwetu.

Caleb alilipandisha juu ya paa akalitundika kwenye kamba za nguo ili alione vizuri kwenye jua. Upepo ukalikamata. Ndugu yangu, ungeliona! Suruali za watu zilifagiliwa zote chini, na Muindi, yule mwangalizi wa ploti, akapanda ngazi akihema akauliza kama tunataka kuipeleka nyumba ya watu Mombasa. Vijana wa kazini kwa Caleb tangu siku hiyo wanamwita Kapteni. Wanamwambia, niaje Kapteni, meli imefika Kariobangi ama imekwama kwa jam ya matatu? Yeye anacheka tu. Anacheka kama baba, kichwa nyuma.

Lakini kwenye kazi hakucheka. Alilipitia lile tanga kipande kwa kipande kama daktari. Alipoliinua mwanga ukapita kama kwenye chujio la chai. Alishika kitambaa kwa vidole viwili akavuta taratibu, kikaachana. Akaniita nisikilize. Akasema kitambaa kizima kikichanika hulia, Mama, na hiki hakikulia. Jua limekila mpaka ndani. Akanieleza kwamba kiraka kipya juu ya kitambaa kama hicho chenyewe kitashika vizuri, shida ni pale kinapoishia: upepo ukija kwa nguvu, kile cha zamani kitapasuka kando ya kile kipya, na hakitapasuka pole pole. Kitu kimoja tu kilikuwa kizima, ile kamba ya ukingoni ambayo baba aliisokota mwenyewe kwa katani akaipaka mafuta akiwa amekaa mlangoni. Caleb aliivuta kwa mguu na mikono yote miwili, haikusogea. Akasema, babu alijua kazi. Akasema tushone tanga jipya, hili la zamani liwe kipimo tu, na kamba ya babu tuirudishe ukingoni.

Hapo ndipo moyo wangu uliruka, Ondiek, na wewe unajua kwa nini. Unajua kwetu baba aliweka nini. Kiraka hutia yeyote, hata mpita njia akipewa uji wake. Tanga jipya halishonwi na mpita njia. Tanga jipya la mashua ya boma hushonwa na mtoto wa boma, anatia alama yake kwenye pembe ya chini, na siku linapopandishwa anakaa mbele kwenye mashua na samaki wa kwanza anakuwa wake. Na aliyeshona tanga hawezi kuulizwa tena anajenga wapi. Caleb wangu ana mke, ana mtoto, na bado akiulizwa kwenu ni wapi anataja jina la steji. Baba yake hakuwahi kuja kujitambulisha kwetu, hilo halifichiki. Kayole ni ploti ya watu, nyumba za kupanga. Mtu hazikwi kwenye ploti. Siku tulipomzika mama nilikuomba umpe sehemu ndogo ya kusimamisha nyumba, hata kule chini karibu na matope, ukasema tutazungumza. Halafu mpiga picha alipowapanga wajukuu ukamshika Caleb bega ukamtoa kwenye mstari, ukampa viti abebe. Alivibeba. Nikajiambia labda ni haraka ya mazishi.

Kwa hiyo tanga lilipokuja nilidhani ndiyo njia yako ya kumwita. Nilidhani umeona aibu kusema kwa mdomo. Mimi ndiye niliyemharakisha, nikamwambia mwanangu usingoje, mjomba wako amekuita, kata. Akakata. Alichagua kitambaa kizito cheupe, akakikata usiku wa manane umeme uliporudi, akaweka upindo wa buluu kwa sababu babu alipenda buluu. Koki mwenyewe alikalia pindo lisiteleze. Yule mtoto wa Kitui ambaye hajawahi kuliona ziwa alikuwa anauliza samaki wa kwanza anapikwaje.

Kisha ukapiga simu. Naandika uliyoyasema ili usije ukasema umesahau. Mimi nilikuwa kibandani nimewapelekea chakula. Caleb alikuwa na mikono miwili kwenye cherehani, akaweka simu juu ya meza kwa sauti kubwa, akasalimu kwa heshima, akakueleza kwamba tanga limekwisha na kwamba lile jipya limefika nusu. Ukamwambia afunge mdomo atie viraka. Ukamwuliza nani amemwambia ashone. Ukasema tanga jipya ni la mtoto wa boma, na yeye ni mtoto wa msichana, na mtoto wa msichana ni kama kuku wa jirani, anadonoa mchana, jioni anafukuzwa arudi kwao, na kama hana kwao, je, wewe ndiye uliyemzaa? Ukacheka. Kulikuwa na mtu mwingine karibu yako naye akacheka. Vijana wote walisimamisha cherehani. Tajiri wa malori alikuwa pale kwenye debe lake akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyemwita Kapteni siku hiyo.

Unajua mwanangu alijibu nini? Alisema, sawa mjomba, nimesikia, ila nakuambia mapema kwamba halitahimili. Ukamwambia ulikuwa unavua samaki yeye akiwa kamasi. Halafu ukakata.

Koki aliniuliza kama kwetu ndivyo wajomba walivyo.

Alitia viraka. Lifungue uone. Jioni zote baada ya kazi ya watu alikaa nalo, na nakuhakikishia hakuna viraka vizuri hivyo kando ya ziwa lote, mshono umelala kama umepigwa rula, kila pembe imekunjwa mara mbili. Mtu mwingine angekushonea kwa hasira. Yeye hajui kushona hivyo. Alilikunja akanipa akaniambia, Mama, mwandikie mjomba asiende nalo mbali, upepo ukizidi alishushe. Nami nimekuandikia, umeona, ujumbe wa mtoto nimeufikisha.

Sasa nakuja kwenye langu mwenyewe, na hili halikutoka kwa Caleb.

Lile jipya lilikuwa limebaki nusu pale kibandani, limekunjwa, na kila akilipita anageuza uso. Nikawaza tanga hili limekatwa kwa kipimo cha mashua ya baba, halitafaa nyingine yoyote. Kisha nikakumbuka. Baba alichonga mashua mbili kwa kipimo kimoja, Ondiek. Yetu, na ile aliyomchongea baba yake Odongo wa ng'ambo ya ghuba. Odongo yule yule unayemshinda kila Desemba, unayemwita mzee wa beseni, unayemwimbia ufukweni kwamba ana mabinti watano na hana wa kumshikia kasia. Nilimpigia mimi. Nilimweleza yote, hata la kuku. Halafu akaniuliza kama huyo mtoto angekubali kushonea watu wasio na kijana.

Caleb alikubali, na tanga jipya limekamilika. Alama ya Caleb iko kwenye pembe ya chini, ameishona kwa uzi wa buluu. Odongo amempimia sehemu nyuma ya nyumba yake, juu, mbali na matope, na Jumamosi iliyopita nguzo za nyumba yake zimesimama. Mlango unaangalia kwako. Ukitoka asubuhi kupiga mswaki utaiona, na kama ulikuwa unajiuliza ni nani anajenga pale, basi ndiyo hivyo. Siku ya mashindano atakaa mbele kwenye ile mashua, Koki na mtoto watakuwa ufukweni, na mimi nitakuwa nimevaa kitenge changu kipya, na sauti yangu unaijua.

Na kamba. Ukiligeuza tanga lako utaona ukingoni kuna kamba ya plastiki ya kijani, ile wanayofungia magunia ya viazi pale sokoni Kariobangi. Usimlaumu Caleb. Yeye alirudisha kamba ya baba mahali pake kama fundi mwaminifu, akalala. Niliifumua mimi kwa wembe, mshono kwa mshono, nikimsikia anakoroma, nikatia ile ya kijani kwa mkono wangu, ndiyo maana mishono ya hapo imepinda. Iliyo ya baba nilimpelekea Odongo ndani ya gunia la tanga lake, na fundi wa kwao ameishonea ukingoni mwa tanga jipya. Caleb ataijua atakapoishika. Atanikasirikia, halafu atashika kamba ya babu yake kwa mikono miwili, na hasira itaisha.

Ulisema mtoto wa msichana hana kitu hapo kwetu. Sawa, nimekuachia boma, nimekuachia mashua, nimekuachia hata picha ya mazishi. Kamba tu nimechukua.

Msalimie mke wako sana, mwambie zile nguo za watoto nitazileta Desemba, nitazikabidhi mkononi mwake mwenyewe. Wasalimie vijana, wajifunze kutunga uzi kwenye sindano maana watahitaji. Funga goti lako usiku lisipate baridi. Na siku ile ya mashindano, mdogo wangu, nakuomba kama dada aliyekubeba, kaa karibu na ufukwe, pale akina mama wanapooshea sufuria. Tanga lako linafika mpaka hapo vizuri kabisa. Ukiona jeupe lenye upindo wa buluu linakuja nyuma yako, sogea pembeni, mpishe mtoto wa watu apite.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Jacklyne Awuor, binti Amolo,
Mama Kapteni