Kwa Mzee Hodi, Dereva Asiyeita Mtu kwa Honi

Baba yetu mpendwa,

Mwaka umetimia leo tangu ulipobebwa ukapitishwa mlango huu wa mbele, na hadi sasa hatujajua namna ya kuufunga. Mama huuacha wazi kidogo mpaka jua lizame. Viatu vyako vipo kando ya kitanda, visigino ukutani, ncha zikielekea mlangoni, kama ulivyovipanga maisha yako yote. Hakuna aliyethubutu kuvigeuza.

Hukupenda sifa. Mtu akikusifu, ulivua kofia ukaikagua kana kwamba yenyewe ndiyo iliyosifiwa. Kwa hiyo hatutakupamba. Tutasema yaliyokuwa.

Ulizaliwa katika amani ukakulia vitani. Vita vilipoufikia mtaa wenu ulikuwa na umri wa miaka sita. Chumvi ilikuwa imeadimika, na lori la mfanyabiashara lilipopita likipiga honi, akina mama walitoka mbio na vikapu. Siku moja honi ikalia. Bibi, mama yako, alikuwekea dada yako mchanga mikononi, akasema, "Mshike mdogo wako, narudi sasa hivi." Honi ilikuwa ile ile. Lori lilikuwa lile lile. Waliokuwa ndani yake walikuwa na bunduki. Bibi hakurudi, wala yeyote kati ya waliotoka.

Ulitusimulia habari hii mara moja tu, mezani, kwa sauti ile ile uliyotajia vituo vya basi. Kitinda mimba wetu akakuuliza, "Na wewe ulifanya nini, Baba?"

"Nilimshika shangazi yenu," ulijibu. "Niliambiwa nimshike."

Kisha ukaomba uongezewe chai.

Mlilelewa katika ukumbi wa shule, pamoja na yatima wengine, mkilala na viatu miguuni. Ulimbeba Shangazi mgongoni hadi akawa mkubwa kiasi cha kuona haya. Ulianza kwa kuosha malori, ukajifunza kuyaendesha, na ulipokuwa mtu mzima ukakabidhiwa basi. Walikuwepo waliokuuliza ungewezaje kuishi na honi chini ya kiganja. Ulikuwa na jibu moja: "Gari halina kosa. Lakini honi haina uso. Anayemtoa mtu nyumbani kwake na aonyeshe uso wake."

Basi lako lilikuwa la alfajiri, lile linalowapitia abiria waliojiandikisha. Wenzako walipiga honi mtaa mzima ukaamka, pamoja na mbwa na wagonjwa. Wewe ulisimamisha gari, ukashuka na sare yako iliyonyooshwa, ukaenda hadi mlangoni. "Hodi." Uliita mara tatu, ukingoja kati ya moja na nyingine. Asiyeitikia ulimwacha bila kinyongo. "Hodi ni tatu," ulitufundisha. "Ya nne ni ugomvi."

Msimamizi wa stendi hakupendezwa. "Dereva, honi umewekewa ya nini, mapambo?"

"Ya kuonya, bwana. Si ya kuita."

Na ulimaanisha. Mtoto alipokatiza barabara uliipiga mpaka vioo vikatetemeka. Mara baada ya hapo ulisimama kando, mikono yote miwili juu ya usukani, na abiria walijifunza kukungoja.

Kondakta wako alilalamika miaka na miaka. "Mzee, hili ni basi au msafara wa posa? Kila nyumba tunabisha!"

"Basi fua shati lako," ulimwambia. "Huwezi kujua mlango utakaofunguliwa."

Ukafunguliwa kweli. Fundi cherehani aliyekuwa akipanda kituo cha mwisho ndiye mke wa kondakta wako hadi leo, na watoto wao hukuita babu. Ndipo jina la Mzee Hodi lilipokolea, na hata msimamizi mwenyewe akaliandika hivyo kwenye ubao wa zamu.

Mimi, mwanao wa kwanza, nilisoma shule ya bweni, na ninaandika haya kwa fahari ambayo shule ile ilinifunza kutoionea aibu. Siku ya kufunga shule magari ya wazazi yalijipanga langoni yakipiga honi kama sokoni. Wewe uliacha lako mbali, ukavuka uwanja mzima kwa miguu, ukasimama mbele ya bweni letu, kofia kifuani. "Hodi. Nimemfuata mwanangu." Mlezi wa bweni, mtu mkali aliyetuamsha kwa kengele na kutulaza kwa kengele, alinyanyuka kitini. "Karibu, mzee," alisema, kisha akatugeukia: "Mmesikia? Hivyo ndivyo mtu anavyoingia mahali." Nilibeba sanduku langu nikapita mbele ya wenzangu, kichwa juu. Sijakiinamisha tangu siku hiyo, isipokuwa mara moja.

Mara hiyo ni asubuhi ile, Baba.

Kifua kilikubana ukiwa bado hujamaliza chai. Tuliita gari la wagonjwa, nalo halikuchelewa. Lilipofika langoni dereva alipiga honi mbili ndefu, kama kazi yake inavyomtaka. Hapo tukakupoteza kabla ya kukupoteza. Ulishika chuma cha kitanda kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ukamshika Mama, lakini uliyekuwa ukimwona si yeye.

"Asitoke," ulisema. "Mwambieni mama asitoke."

Muuguzi aliyekuja na gari hilo alijaribu kukubandua vidole. Hukukubali kuinuliwa, na pumzi ilikuwa ikikatika. Kila tulivyokuvuta ndivyo ulivyozidi kung'ang'ania. Kitinda mimba alikuwa akilia, "Baba, jamani, twende!" Mama peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu. Akanitazama mimi.

"Nenda kamwambie yule dereva azime kila kitu. Aje hapa kwa miguu yake. Abishe hodi."

Nilikimbia. Dereva alinisikiliza mkono ukiwa juu ya usukani. "Bwana mkubwa, muda hatuna."

"Ndiyo maana nakuomba," nilimwambia, na hapo ndipo nilipoinamisha kichwa.

Akazima. Akaja. Hakuingia chumbani, alisimama nje ya kizingiti, akavua kofia.

"Hodi, Mzee."

Uligeuza shingo taratibu, ukamtazama usoni kwa makini, kama dereva anavyotazama kioo kabla ya kuondoa gari. Vidole vikaachia chuma, kimoja kimoja.

"Karibu," ulisema.

Ulibebwa ukiwa umetulia, mkono wako ndani ya mkono wa Mama. Hospitali hukuifikia. Hilo "Karibu" ndilo neno lako la mwisho, na tunaushukuru mlango uliotupatia.

Siku ya mazishi madereva wenzako walikuja na mabasi. Desturi yao ni kumsindikiza mwenzao kwa honi. Wewe hawakukupigia. Waliegesha mbali, wakazima injini, wakavuka uwanja kwa miguu, kofia kifuani. Kondakta wako alitangulia. Shati lake lilikuwa limefuliwa.

Tunaokukumbuka ni mkeo, uliyemwita Bi Mkubwa ingawa hakupata kuona bi mdogo. Dada yako, ambaye mikono yako haikumwachia. Sisi wanao watatu na wakwe zako. Wajukuu, ambao sasa hubisha hata mlango wa jikoni. Kondakta na fundi wake. Na abiria wote wa alfajiri.

Leo jioni tutakuja kaburini kwako. Tutaita hodi mara tatu, tukingoja kati ya moja na nyingine, kama ulivyotufundisha. Adabu inatutaka tukishakosa jibu tuondoke bila kinyongo. Mwaka mzima tumejaribu, Baba, na hatujaweza. Tutaita na ya nne. Ikiwa ni ugomvi, na uwe ugomvi.

Tutakukumbuka daima.

Hodi, Mzee.