Gari Limepona Kabla Yangu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko kambini, na kwamba macho yameacha kukuwasha tangu walipokupa miwani mpya ya kuchomelea. Sisi huku tunaendelea kupumua. Mama hajambo, cherehani yake haijambo, na wale mapacha hawajambo kupita kiasi, hata jirani wa chini ametuuliza kama tunafuga watoto au farasi. Mimi ni mzima nusu, na nusu iliyobaki ndiyo sababu ya barua hii. Ukiona mwandiko umepinda, univumilie. Sababu yake nitaieleza kabla sijamaliza.

Uliniandikia ukiniomba nimsihi Mama asaini karatasi ya kampuni ya bima. Nakujibu mapema ili usiendelee kusoma ukiwa na matumaini: sikumsihi, na Mama hajasaini. Najua mimi ndiye mtoto uliyezoea kumwambia nenda akaenda, kaa akakaa. Safari hii pia nimekaa, Baba, lakini nimekaa upande wa Mama.

Habari ulizonazo umezipata kwa Baba Mdogo kwenye simu, naye husimulia ajali kama mtu anayesimulia mechi aliyoisikia kwa jirani. Acha nikueleze mimi niliyekuwa ndani.

Tulikuwa tunapeleka sare shuleni. Mama alisimama kwenye kivuko kwa sababu mzee mmoja alikuwa anavuka na trei ya mayai. Hakufunga breki kwa kishindo. Alisimama taratibu, hata yule mzee akamwinamia kidogo kumshukuru. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, katikati ya mafurushi ya sare, nimeinama nasoma kama kawaida yangu. Kisha tukagongwa kwa nyuma. Watu huniuliza mlio ulikuwaje. Mlio siukumbuki. Nakumbuka kichwa changu kilikwenda nyuma, kikaja mbele, kikarudi tena nyuma, kama kuku anayedonoa punje isiyokuwepo. Kitabu kiliniruka mikononi kikatua miguuni kwa Mama.

Ilikuwa pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi, imebeba mabati. Dereva alishuka simu ikiwa bado mkononi, akatazama kwanza taa zake, halafu bampa letu, sisi tukawa wa mwisho. Akamuuliza Mama mbona amesimama ghafla. Mama akamjibu kwamba mbele yake kulikuwa na binadamu mwenye mayai, na kama yeye alikusudia kupita juu ya vyote viwili, angepiga honi kwanza ili waagane. Watu walicheka. Dereva mwenyewe, Mungu amjalie, alikiri palepale mbele ya askari kwamba alikuwa anasoma ujumbe. Kwa hiyo kosa halina ubishi; hata kampuni ya bima ya lile duka imelikubali. Ubishi wote uliobaki ni juu ya shingo yangu.

Siku ile nilisema siumwi, na ilikuwa kweli. Kesho yake niliamka shingo imekuwa gogo, na kichwa kinagonga kwa ndani kama kuna mtu anaomba kutoka. Daktari wa hospitali kubwa alitueleza kwamba shingo ilichapwa kama mjeledi, na ubongo ukatikisika ndani ya fuvu. Alisema picha ya eksirei waliyonipiga haionyeshi kitu, kwa sababu eksirei hupiga picha mifupa, haipigi maumivu. Alinipa kola ya shingo na vidonge, akaniandikia mazoezi ya viungo ya kila wiki. Mama alipomuuliza yataisha lini, alisema huenda miezi, huenda zaidi, na kwamba anayetaja tarehe anabahatisha.

Gari nalo lilipelekwa gereji. Kampuni ililipa bila maneno, na fundi akarudisha gari likiwa linang'aa nyuma kuliko mbele. Mama alilizunguka, akalipapasa bampa, akasema gari limepona kabla ya mtoto.

Baada ya hapo akaja ofisa wa madai wa kampuni. Jina lake alilitaja kwa haraka, nasi tukambandika Bwana Mkoba, kwa sababu mkoba wake hauweki chini hata akipewa maji ya kunywa. Aliketi kwenye kiti wanachokalia wateja wa Mama wakisubiri kupimwa, akasifu sare, akasifu mapacha. Kisha akaanza: eti damu haikutoka, eti mfupa haukuvunjika, eti picha ni safi kabisa, na kampuni kwa huruma yake tu ingemwongezea Mama kitu kidogo juu ya gharama ya gari. Ila asaini kwamba yeye na mtu yeyote aliyekuwa ndani ya gari lile hawatadai tena chochote, leo wala baadaye. Mama aliuliza kama hiyo baadaye ina mwisho. Bwana Mkoba akasema, kwa lugha ya karatasi, haina. Mama akamwambia basi asubiri jibu hukohuko.

Jioni yake Baba Mdogo alikuja na methali zake zote. Heri nusu shari kuliko shari kamili, alisema. Sisi si watu wa kesi, alisema. Akanitaka nigeuke kulia, nigeuke kushoto, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, kisha akauliza ni mtoto gani anaumwa shingo na huku amecheka akimwona paka. Shuleni nako wamenipa jina, Shingo ya Bima. Wanasema kola naivaa nikifika getini, na nyumbani naitundika msumarini pamoja na kofia. Mama, aliyechungulia hapa ninapoandika, anataka nikitoe kipande hiki cha Baba Mdogo, anasema ni shemeji yake na ataendelea kula hapa. Nimekataa. Aliyasema, na mbuzi alikuwa mimi.

Kisha kampuni ikanipeleka kwa daktari wake yenyewe. Taarifa yake ndiyo uliyoitaja katika barua yako: shingo inageuka, mgonjwa ana afya njema, anasoma kwa sauti na kwa ufasaha bila shida yoyote. Ukaniuliza, kama daktari mwenyewe amesema mzima, tunang'ang'ania nini?

Sasa kaa kitako, Baba, nikwambie tunachong'ang'ania.

Mimi siwezi kusoma. Tangu siku ile ya pikapu sijasoma ukurasa mzima. Mstari wa kwanza hutulia, wa pili hupanda juu ya wa kwanza, na wa tatu huja na kichefuchefu. Kuandika kuna nafuu kidogo, kwa sababu mkono unaijua njia hata nikifumba macho. Naweka rula chini ya mstari, naandika kidogo, nalala kidogo, narudi. Ndiyo maana ya mwandiko huu. Daktari wa hospitali kubwa nilimtajia maumivu ya shingo na kichwa tu. Hili sikumwambia yeyote, hata Mama. Darasani nilikuwa nafunua kurasa wenzangu wanapofunua, na masomo niliyashika kwa masikio. Unajua mimi sina mbio, sina sauti, sina utani wa kuchekesha watu. Nilikuwa na kitu kimoja tu. Niliona aibu kusema kwamba pikapu ya mabati imenipokonya.

Na yule daktari wa kampuni hakuongopa. Alinifungulia mlango kwa upole, akauliza kama mimi ndiye yule msomi aliyesikia habari zake, akaniambia nitoe kitabu chochote mkobani nimsomee. Hapo ndipo nilipoharibu. Wewe umenilea kwamba mtu mzima akikuuliza swali na kalamu iko mkononi mwake, huo ni mtihani, na mtihani ni wa kupasi. Nikatoa kitabu cha biolojia, nikafungua somo la mzunguko wa damu, ambalo nililikariri kabla ya ajali. Nikalisoma lote bila kuliona. Hata ukurasa niliufunua palepale unapostahili kufunuliwa. Daktari akasema vizuri sana. Nami nikatoka nje nimefurahi, Baba, nikiamini nimepasi.

Ndipo barua yako ikaja, yenye jina langu juu. Niliifungua nikaishia kwenye marahaba niliyozoea kuisikia kwako kwa simu. Maneno mengine yote yalikuwa sisimizi. Niliiweka chini ya mto nikijiambia kesho kichwa kitatulia. Hakikutulia. Mwishowe nilimpelekea Mama kwenye cherehani, nikamwomba anisomee. Akazima mashine akaanza kusoma. Alisoma ulivyoniomba nimlainishe. Alisoma kwamba ana kichwa kigumu kama babu yake. Alipofika pale ulipoandika nisimwonyeshe mama yangu barua hii, alipasoma napo, kwa sauti ileile anayosomea vipimo vya kiuno, akaendelea hadi jina lako la mwisho. Kisha akaikunja vizuri, akaniuliza ni tangu lini.

Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba yeye alikuwa anapigania shingo, kumbe kwenye kapu kulikuwa na zaidi.

Tulikwenda kwenye ofisi ya malalamiko ya bima. Ni chumba kidogo chenye meza ndefu na feni inayolalamika kuliko sisi. Msuluhishi ni mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, na Bwana Mkoba alikuwa ameketi mkoba mapajani. Mama alinisukuma begani kidogo, nikasimama, nikasema mwenyewe kwamba yule daktari nilimkariria. Bwana Mkoba alitabasamu. Akamwambia msuluhishi, kwa heshima zote, kwamba aliyeweza kumwongopea daktari hashindwi kuiongopea ofisi.

Lakini nikasema, nipeni ukurasa wowote nisioujua. Msuluhishi alitazama mezani, akachukua karatasi iliyokuwa karibu, na ilikuwa ileile ya kampuni ambayo Mama alitakiwa kuisaini. Mstari wa kwanza niliusoma. Wa pili niliupapasa. Nilirudia mdai anakiri kwamba, mdai anakiri kwamba, kama santuri iliyokwaruzwa, jasho linanichuruzika ndani ya kola, na anachokiri yule mdai sikukifikia. Nikatapika kwenye kikapu cha taka, mbele ya watu wote.

Hakuna aliyecheka. Bwana Mkoba alitazama viatu vyake. Mimi ambaye hujificha msalani siku ya kutoa hotuba nilijifuta mdomo, nikabaki nimesimama, nikamwambia kwamba akitaka nitajaribu tena.

Msuluhishi ameagiza nipimwe upya, na daktari ambaye si wa kampuni wala si wetu, apime kichwa na macho pamoja na shingo. Hadi hapo hakuna ruhusa ya kutuharakisha kusaini. Sikufichi, Baba: mlangoni Bwana Mkoba alituambia kwamba kile kidogo walichotutolea kimerudi kampuni, na daktari mpya akisema hapana, tutaondoka mikono mitupu. Mama akamwuliza kama mabati ya lile duka yamefika salama. Tukaenda zetu.

Kwa hiyo huenda tukakosa vyote. Najua ni wewe utakayelala chini ya moto wa kuchomelea miezi zaidi ili mazoezi yangu ya viungo yalipwe, na hilo linaniuma kuliko shingo. Lakini siwezi kukubali iandikwe kwamba mimi ni mzima, Baba. Walilipa bampa kwa sababu walilishika kwa mkono wakakuta limebonyea. Mimi pia nimebonyea. Kama hawakioni kitu mpaka nitapike mbele yao, nitatapika kila ofisi watakayonipeleka, na nitakwenda nimevaa sare safi.

Ruhusa yako siiombi, kwa sababu tumekwisha kwenda. Naomba radhi zako, maana hizo hakuna kampuni ninayoweza kuidai.

Mama anakusalimu sana. Anasema yeye hajakasirika, ila babu yake umwache apumzike. Mapacha wanauliza kama huko kambini kuna mbwa. Ukijibu, tuandikie sote wawili katika karatasi moja, na upanue mwandiko kidogo, kwani Mama anasema herufi zako zimechomelewa pamoja. Atanisomea nikiwa nimelala chali, macho yamefumbwa, na nitasikia kila neno.

Nakutakia afya, na usiku usio na vumbi.

Mimi kifungua mimba wako,
ambaye bado hajasaini.