Kofia ya Njano Pale Gatini

Shangazi,

Nimerudi jana. Masanduku bado yako mlangoni, na binti yangu Tina ameshaniuliza kwa Kiingereza chake kama nitapika au tuagize pizza. Angoje. Kwanza nikueleze wewe, maana najua ungekuwa umeshavuta kiti, umekunja mikono, na kusema kama ulivyosema kila mtu alipotoka mahali: "Haya, nieleze. Usiruke kitu."

Sitaruka.

Tangu ututoke wakati ule wa theluji, mambo hapa Malvern, mtaani kwetu Toronto, yanakwenda, lakini yanakwenda kombo. Chai ya kanisani haina ladha. Kila mama anasema anajua kiasi chako cha tangawizi, na kila Jumapili tunakohoa. Kiti chako cha karibu na mlango hakikaliwi. Hakuna aliyekataza, watu wanakipita tu. Na ile safari ya meli ya visiwa vya Ugiriki, uliyotupangia kabla hujalazwa, ilitaka kuvunjika. Wengi walisema tuahirishe, tutaendaje bila wewe, Kapteni wetu? Ndipo Mama Rhoda, rafiki yako wa tangu siku zenu za kwanza Toronto, akasimama na kusema, "Kapteni angetucheka." Ikaisha hapo. Uongozi wakanitwika mimi kwa sababu ni mtoto wa kaka yako, kana kwamba kuongoza watu kunarithiwa kama pua. Mimi, Shangazi, ambaye hata safari ya maporomoko ya Niagara nilipoteza mzee mzima mchana kweupe!

Basi nikaitisha mkutano kule ukumbi wa chini ya kanisa, nikasimama uliposimama, nikarudia maneno yako yote. Nilikuwa nayo kichwani tangu uliponileta kutoka Voi, ingawa safari yenyewe sikuwahi kwenda. Viatu vya kufunga, si kandambili. Maji kila mtu yake. Tutoke na boti ya kwanza inayopeleka watu nchi kavu, kwa sababu wanaoanza na kifungua kinywa kirefu wataiona Santorini wakiwa kwenye foleni. Punda msiwapande, wana shida zao za kutosha, na mkikutana nao kwenye ngazi, jibanzeni upande wa ndani. Kofia ifungwe kidevuni. Hapo hukuwahi kueleza habari za upepo, ulisema tu, "Muulizeni Mama Neema yake iko wapi," na Mama Neema akainama. Mkifika juu, geukeni kushoto, kuna kivuli cha ukuta wa kanisa. Na kubwa kuliko yote, shukeni kabla hamjachoka, kwa sababu watu wote hushuka wakichoka, na meli si mjomba wako, haikungoji. Nilipomaliza walipiga makofi, ila najua walikuwa wanakupigia wewe.

Sasa nikuambie jambo nililowaficha wenzangu. Mimi sikwenda kutembea. Kwenye mkoba nilibeba kofia yako ya njano, ile pana. Nilitaka kufika kule juu uliposimama wewe, niivae, nipigwe picha moja, niiweke sebuleni. Hicho tu. Nilijiambia nikisimama pale nitakuwa nimekuaga sawasawa, maana kule hospitali hatukuagana, ulikuwa umelala.

Tulishuka asubuhi na boti ya kwanza. Mji wenyewe uko juu kabisa ya jabali, na chini kuna kijigati chenye maduka mawili matatu na mkahawa. Mwenye mkahawa alituona, akatabasamu, akatandaza mikono kuzunguka kichwa chake kuonyesha kofia kubwa. Alikuwa anakuulizia wewe. Nikatikisa kichwa. Akanitazama kidogo, akavua kofia yake mwenyewe, akaishika kifuani. Halafu akaenda kutuletea viti viwili kivulini bila kuambiwa.

Nikamuuliza Mama Rhoda, "Shangazi alipenda kusimama wapi huko juu? Nataka picha."

Akanikodolea macho. "Juu wapi? Kapteni hakuwahi kupanda."

Nilidhani umri umemchanganya. Akanieleza taratibu, akijipepea na leso. Safari yenu ya kwanza yeye aliogopa vile vibanda vya kupandisha watu juu vinavyoning'inia kwenye waya, akalia kama mtoto, ukasema utakaa naye mpaka atulie. "Sikutulia," akasema. Safari ya pili ulibaki na Mzee Mwakio na nyonga yake mbovu. Ya tatu, yeye tena. Nikauliza, "Shangazi hakulalamika?" "Alalamike nini? Alikuwa anakula samaki."

Shangazi, nisikufiche, nilikasirika. Miaka yote ile umetuhutubia mkono kiunoni, geukeni huku, shikeni kule, kumbe hujakanyaga! Nilijiona nimetoka Kanada na kofia kwenye mkoba kwa ajili ya mahali pasipokuwepo. Halafu Mama Rhoda akaendelea kuzungumza, na hasira ikaanza kunitoka yenyewe. Akasema kila mama aliyeshuka ulimkalisha kwenye kiti kile, ukamwagizia maji, ukamhoji. Nani alianguka? Choo kiko wapi? Foleni ilianza kujaa lini? Upepo unatokea upande gani? Mashauri yako yote yalikuwa macho ya watu wengine, uliyoyakusanya hapo chini ili atakayekuja baada yao asiumie. Ningekuwa mimi, nisingeweza kukaa hata safari moja. Ningekaa na kununa. Wewe ulikaa mara tatu ukila samaki.

Basi nikasema nitabaki mimi na Mama Rhoda, wengine wapande. Nilisema kwa moyo kabisa, nilidhani ndivyo ungetaka. Akanikata: "Wewe ukikaa hapa, nani atakuja kunieleza? Kapteni ndiye aliyekufa, mimi bado. Nenda." Na nilipoinuka akaingiza mkono kwenye mkoba wangu, akachomoa kofia. "Na hii iache. Hii si kofia ya huko."

Nikapanda bila kofia yako, moyo mzito, na wala sikuogopa kile kibanda kwa jinsi nilivyokuwa na mawazo.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa umekosea. Tulipofika juu tuligeuka kushoto kama ulivyoagiza, tukakuta jua kali na duka la mikufu. Kivuli kiko kulia! Aliyekueleza alikuwa amegeukia bahari, na wewe ulikuwa umekaa umeelekea jabali. Mama Neema akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kila safari kundi zima huenda kushoto, linaungua, linarudi, na hakuna aliyethubutu kukusahihisha.

Ni pazuri, Shangazi. Nyumba nyeupe zimebanana ukingoni kama chumvi iliyomwagika mezani. Makanisa yana vichwa vya buluu, ila yale ya kwenye picha za matangazo, mengi yako mji mwingine, unapanda basi, kwa hiyo na hilo tutalirekebisha. Paka wamelala kila mahali. Upepo ni wa kweli. Meli yetu, ile tuliyopotea ndani yake siku mbili nzima, unaifunika kwa kidole gumba.

Nikiwa nimesimama hivyo, Mama Neema akanivuta mkono mpaka kwenye ukuta mfupi. "Njoo, hapa ndipo tunaposimama sisi." Kina mama wote walikuwa wameshajipanga hapo, wakitazama chini. Nikatazama. Niliona gati kama ukucha, miavuli ya mkahawa, watu kama sisimizi. Na katikati yao, doa moja la njano.

Nilijua ni Mama Rhoda. Nilijua kabisa. Lakini moyo haukungoja kuambiwa. Shangazi, nilikuona. Nilikuona umekaa pale, mzima, unatungoja, na machozi yakanitoka bila aibu mbele ya watu na kamera zao. Kina mama wakainua mikono wote pamoja, Mama Neema akaita "Kapteniii!" mpaka watalii wakasogea pembeni. Lile doa likasimama. Likavuliwa, likapungwa huku na huku. "Ndiyo maana alinunua ya njano," Mama Neema akaniambia. "Ya kwanza ilikuwa nyeupe, hatukuiona."

Mimi nilikwenda kutafuta mahali uliposimama, nikapelekwa mahali walipokuwa wakisimama kukutazama. Picha sikupiga, mikono ilikuwa juu.

Tulishuka kabla hatujachoka, na foleni tuliyoipita ilikuwa inaanza kukunja kona. Uko sahihi hapo, mia kwa mia. Nikakaa kiti cha pili, nikaagiza samaki, na Mama Rhoda akasema, "Haya, nieleze." Nilipofika kwenye kushoto na kulia alicheka. Nilipofika kwenye doa la njano alijifuta uso kwa ukingo wa kofia yako, kwa hiyo ina alama kidogo. Sitaifua. Wote tulirudi melini, hakuna aliyepotea, hata mimi sikuamini.

Mama Rhoda ameapa kwamba safari ijayo ataingia kwenye hicho kibanda cha waya. Simwamini hata kidogo. Na hata akiingia, atakuwepo mwingine wa goti, wa nyonga au wa woga, hakosekani. Nakuahidi hatakaa peke yake. Nimeshaona kule juu, inatosha, na sasa nawe umeona. Nitakaa mimi, nitaagiza samaki, na atakayeshuka nitamhoji mpaka ajute. Nitawaambia wageuke kulia.

Lala salama, Shangazi wangu. Wakinipungia kutoka juu, nitaivua kofia yako niwapungie, na nitawapungia kwa niaba yetu wawili.

Mtoto wa kaka yako,
Wakesho